Kamba Yako Bado Iko Majini

Shem, ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye kibanda chetu cha mabati hapa ziwani, bendera nyekundu inapigapiga juu ya kichwa changu. Upepo wa mchana umeingia mapema leo. Watu wote wametoka majini, wamekaa kwenye nyasi wanakausha nguo. Mimi nimekaa, nimesimama, nimetoka kutazama kamba, nimerudi nikakaa tena. Tangu uende siwezi kutulia mahali pamoja. Hata nikilala, miguu inataka kwenda.

Mwandiko wangu unaujua. Usiucheke. Shule niliacha darasa la tatu, na mengi niliyosoma baadaye niliyasoma kwenye ule ubao wa sheria za kaunsili uliousimamisha njiani. "Usiingie majini kabla ya bendera nyeupe." Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza niliyoisoma mpaka mwisho bila kusaidiwa na mtu. Ulisema wenzangu walianza na Biblia, mimi nimeanza na kaunsili, ukacheka mpaka ukakohoa. Siku ile kikohozi kilikuwa cha kucheka tu.

Inspekta wa kaunsili alinipa filimbi yako baada ya mazishi. Niliichemsha kwenye sufuria kabla ya kuitia mdomoni. Najua ungesema, "Wewe bwana, unaogopa mate yangu, na chai tulikunywa kikombe kimoja?" Lakini uliondoka na kifua, Shem, na daktari alituambia tuchemshe vitu vyako. Nimechemsha. Sasa inatoa sauti nyembamba, na watu wanasema hii si ile ya Shem. Nawaambia ni ile ile. Hawaamini.

Ziwa limerudi nyuma. Tope limeonekana pale wanawake walipokuwa wanaogea, kwa hiyo nimeihamisha kamba inayoonyesha mwisho wa kuogea, nikayapaka madebe yake yanayoelea rangi upya ili yaonekane kutoka mbali. Mafunjo ya upande wa kushoto yamekatika yakaelea mpaka upande wa wazungu, wakalalamika kwamba mwambao wetu umewafuata. Nikatumwa kuyavuta. Ulinifundisha kazi nyingi, lakini kuvuta mafunjo yanayotaka kutembea hukunifundisha.

Watu wa kinu cha posho bado wanakuja Jumapili na chupa zao. Nawaambia chupa ziishie kwenye gunia la njiani, kwa sababu kigae kikiingia mchangani hakimwulizi mtu jina kabla ya kumkata. Yule Barasa mnene ananiita Bwana Kaunsili. Jumapili iliyopita alisema mbele ya watu, "Shem alikuwa anatuzuia na kutuchekesha. Wewe unatuzuia tu." Watu wakacheka. Nami niliona ni kweli. Lakini chupa aliitia guniani.

Unakumbuka nilivyofika hapa kutoka Rongai? Nilikuwa nimechoka na shamba la mahindi, mikono imepasuka, vumbi limeingia mpaka kwenye meno. Niliona maji haya nikayasahau yote. Nilivua shati nikakimbia, alfajiri, bendera haijapanda. Hukupiga filimbi hata kidogo. Ulinikamata kwa nyuma ya suruali ukanivuta kama mbuzi wa mtu. Nikakwambia mimi ni mtu wa magharibi, nimeogelea tangu sijaota meno. Ukaniambia, "Kwenu ni kwenu. Hapa maji hayakujui." Kisha ukanishika mkono ukanionyesha zile nyayo kubwa kwenye tope, kila moja kama sinia, zinatoka ziwani kwenda majanini. Ukaniuliza, "Unaona zilizorudi?" Nikatazama, sikuona. Ukasema, "Basi mwenyewe bado yuko nje anakula, na akishiba atarudi hapa hapa. Kiboko hana neno na wewe. Ila ukisimama kati yake na maji, hazunguki."

Mto wetu wa nyumbani hauna kiboko. Mtu mzima akinyanyua suruali anauvuka. Kwa hiyo sisi watu wa kule tunadhani maji ya alfajiri ni maji safi tu, baridi tu, hayana mwenyewe. Ni kosa letu sote. Uliniambia mara moja tu habari za yule mtu wa kwetu uliyembeba kutoka pale, kabla kamba haijawekwa, na ulivyomfunika kwa koti lako. Hukunitajia jina lake. Ulisema tu kwamba alikuwa anaimba.

Tangu siku ile nilielewa kwa nini ulikwenda kwa inspekta kila mara kuomba kamba, kuomba bendera, kuomba toroli ya kuleta mchanga. Upande wa wazungu ulikuwa na ngazi za mbao na viti. Upande wetu ulikuwa na tope, na wewe. Na ulituambia bila kutuficha kwamba mtu mmoja akiumia tena hapa, ufuo wetu utafungwa, na hakuna atakayetuuliza. Ndipo Jumapili tutarudi kukaa nyuma ya nyumba zetu za kota kutazamana.

Sasa nataka kukueleza la asubuhi ile. Nimekuwa nikilizunguka tangu nianze kuandika.

Unakumbuka ile mvua iliyong'oa nguzo ya kamba. Ulikaa majini tangu asubuhi ukiifunga upya, ukanikatalia nisiingie, ukasema wawili wakiugua nani atapandisha bendera. Ulipotoka ulikuwa unatetemeka. Ulilala, ukaanza kuunguruma kifuani, tukakupeleka hospitali kwa mkokoteni wa kuni. Hukurudi. Simu ilipelekwa nyumbani, na kaka yako mkubwa, Mzee Nathani, akapanda treni pamoja na mke wako. Walikukuta bado hujazikwa, tunamshukuru Mungu kwa hilo. Kukusafirisha mpaka nyumbani kulitushinda. Tulikuzika hapa, kwenye makaburi ya juu, pale ardhi ilipo nyekundu kidogo. Nathani alirusha udongo akasema, "Angalau inafanana na yetu."

Jioni ile alisema kesho alfajiri tutaoga. Unajua kwetu. Mtu akishazikwa, walio wake wanakwenda majini kabla ya jua, wanaoga pamoja, wanauacha msiba uende na maji. Ndipo wananyoa, ndipo wanaingia nyumba ya marehemu na kuwasha moto. Mtu asiyeoga bado ana kifo mwilini. Hagusi jiko la marehemu, hagusi paa lake, na wadogo hawatangulii mpaka mkubwa wa nyumba aanze. Kwako mkubwa ni Nathani. Na ruhusa yao ya kusafiri ilikuwa inakwisha, siku hizi mtu hatembei bila karatasi, na treni yao ilikuwa ya asubuhi hiyo hiyo. Kwa hiyo wangeoga alfajiri, waende stesheni wakiwa na nguo mbichi.

Sikusema kitu jioni ile. Nilidhani nitakwenda mapema nitazame, labda nyayo zimerudi, labda nitapandisha bendera kabla ya jua kwa mara moja tu.

Nilikwenda na taa. Nyayo zilikuwa zimetoka, kubwa na ndogo, mama na mtoto wake. Hazikuwa zimerudi.

Nikasikia wanakuja. Wanaimba polepole ule wimbo wa kanisa letu la nyumbani, wanawake na leso zao mabegani, wanaume wengi wa kota, Barasa mbele na Nathani kando yake. Mke wako alikuwa nyuma, ameshika kiatu kimoja kila mkono. Nikasimama kwenye ule mti wa kizuizi unaoziba njia ya ufuoni.

Nathani akasema, "Fungua, kijana. Tunaoga, treni haitungoji."

Nikamwambia, "Mzee, bendera bado."

Akautazama mlingoti. Akasema, "Bendera gani? Nimekuja kuzika ndugu yangu. Sikuja kupigia saluti nguo."

Kuna waliocheka, kile kicheko cha matanga. Nikawaeleza habari za nyayo. Nikainua taa wazione. Nathani akasema sisi ni wengi, mnyama akisikia watu wengi anatafuta njia nyingine. Barasa akanisogelea, akaniwekea mkono begani kwa upole, akasema, "Kichwa na mikono tu, Jafeti. Haraka haraka. Hata Shem mwenyewe leo angefumba jicho."

Hapo alinichoma. Nilijiuliza, ungefumba? Nilisimama pale na filimbi yako shingoni nikikutafuta kichwani. Nikamkumbuka yule mchungaji aliyekuja na watu wake kubatiza alfajiri ya Pasaka. Ulimkalisha kwenye nyasi na kanzu yake nyeupe mpaka jua likatoka. Akakwambia Yohana hakungoja ruhusa ya mtu. Ukamwambia, "Mchungaji, Yohana hakuwa na viboko." Ukamletea chai. Basi nikajua hungefumba. Lakini wewe ungekuwa na neno la kuwachekesha, na mimi sikuwa nalo. Nilisema tu, "Hapana."

Nathani akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia. Akasema, "Nitamwambia baba yako kwamba unalinda maji dhidi ya watu waliofiwa."

Nikawaonyesha lile pipa letu karibu na kibanda. Lilikuwa limejaa maji ya ziwa niliyoyachota jana yake mchana. Nikasema haya ni maji yale yale, ogeni hapa juu, mko mbali na njia ya wanyama. Barasa akatangulia, akajimwagia kichwani. Wengine wakamfuata, bila kuimba. Nathani hakusogea. Akasema, "Maji ya pipa hayaendi mahali. Unataka nimvue ndugu yangu humo, abaki amekaa humo humo?" Nilitaka kumwambia hata ziwa hili haliendi mahali, hakuna mto unaoonekana kutoka ndani yake. Lakini si neno la kumwambia mtu aliyefiwa.

Akachukua kikapu chake. Akamwambia mke wako, Mama Rasoa, "Twende."

Mama Rasoa alikuwa amekaa kwenye nyasi, viatu mapajani. Akasema, "Mimi nangoja bendera, shemeji."

"Treni itakuacha."

"Iniache."

Nathani alimtazama sana. Kisha akatutazama sote, akaenda peke yake kwa njia ya stesheni, hajaoga. Alikuwa anatembea kama wewe, Shem, bega moja chini kidogo. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini.

Na kiboko hakuja. Nataka ujue hivyo, nisikudanganye. Kulipambazuka, kila mtu anatazama majani, hakuna kilichotikisika. Baadaye nilikwenda nikakuta viboko wamerudi kwa njia ya kule kwenye migunga, mbali kabisa nasi. Watu wangeoga na kumaliza, na Nathani angepanda treni akiwa mwepesi, na hakuna ambaye angeumia. Barasa alinitazama tu, na ningependa zaidi kama angesema.

Jua lilipotoka juu ya miti nilipandisha bendera yako nyeupe. Mke wako akainuka, akaenda upande wa wanawake, akaingia mpaka maji yakafika kifuani, ndani ya madebe ya mwisho ya kamba, hakuvuka hata shibiri moja. Wanawake wawili wa kota walisimama naye. Mimi nilimpa mgongo kama sheria inavyotaka. Nilisikia anavyojimwagia na anavyokuita, na mengine siwezi kuyaandika.

Alipotoka alinijia amejifunga leso, nywele zinadondoka maji. Nilianza kumwomba radhi. Akanikatiza. Akasema, "Siku ya harusi yetu aliwasimamisha watu wote darajani kwa sababu ubao mmoja ulikuwa umeoza. Akatuvusha mmoja mmoja. Mama yangu alimtukana mpaka akachoka. Sasa wewe unataka niingie majini mwake bila ruhusa yake? Ningefanya hivyo, si angekuwa amekufa kweli kweli?" Akavaa viatu. Inspekta alimtafutia karatasi nyingine, akaondoka na treni iliyofuata.

Inspekta alisikia habari yote akanipongeza. Alisema mbele ya makarani kwamba hivyo ndivyo ufuo unavyolindwa. Nilitamani asinipongeze.

Ningekuwa nimetulia kidogo kama mambo yangeishia hapo. Lakini Ezra wa reli, yule anayepita hapa kwenda Kisumu, ameniletea habari za nyumbani. Nathani hajanyoa. Walimwambia aende mtoni kwenu aoge yaishe, akakataa. Anasema msiba unaogwa pale mtu alipozikwa, na yeye alipozikiwa ndugu yake alifukuzwa majini. Kwa sababu mkubwa hajaoga, mke wako ameoga bure. Nyumba yako haijawashwa moto. Mama Rasoa analala kwa mama mkwe na mtoto, anapikia jiko la watu. Paa lako limefunguka upande wa mlangoni, na hakuna anayethubutu kupanda kuliziba mpaka Nathani aanze. Na mvua kubwa iko karibu, Shem. Unaijua inavyoanza kule kwetu. Haibishi hodi.

Nimekuwa nikitembea na habari hiyo juu na chini ya mwambao huu. Nikiokota makaratasi na maganda ya miwa, naiona nyumba yako. Nikiwaambia watu wasifulie kwa sabuni majini, nasikia "unalinda maji dhidi ya watu waliofiwa". Nimekasirika na wewe pia, nakwambia wazi. Ungeniachia neno moja tu. Ungesema, Jafeti, siku yangu fumba jicho. Au ungesema usifumbe. Uliniachia filimbi tu.

Halafu wiki iliyopita, nikiwa nimesimama majini mpaka magotini nafunga debe lililolegea, nikakumbuka jambo ambalo sikulifikiri kabisa. Asubuhi ile mimi pia sikuoga. Nilikuwa kwenye ule mti, kisha nilikuwa kwenye mlingoti, kisha niliwapa wanawake mgongo, kisha kazi ikaanza. Ninaingia majini kila siku kwa kazi ya kaunsili, lakini kuoga kwa ajili yako sijaoga. Kwa hiyo tuko wawili, Shem, mimi na Nathani. Tunakubeba sisi wawili tu katika dunia nzima, na kila mmoja anafikiri yuko peke yake.

Nimeomba likizo. Inspekta amekubali. Ameniletea mtu wa kunishikia kazi, ametoka Mau Narok kwenye ngano, na siku ya kwanza alitaka kujitupa majini alfajiri. Nimemshika nyuma ya suruali. Namfundisha kutazama nyayo, zilizotoka na zilizorudi. Namfundisha dalili za upepo, jinsi maji yanavyogeuka rangi kule mbali kabla ya kufika huku, apandishe nyekundu mapema na asingoje mtu alie. Ubao anausoma vizuri kuliko mimi. Siku atakapoweza kumkatalia Barasa bila kumkasirikia, nitapanda treni.

Na hili ndilo ninalokuahidi. Asubuhi ya kuondoka nitangoja bendera kama mtu mwingine yeyote. Yule wa Mau Narok ataipandisha, mimi nitakuwa nyuma ya ule mti pamoja na watu. Kisha nitachota maji ya ziwa hili karibu na kamba yako, nitayatia kwenye kibuyu, maana chupa ulizikataza. Sitaoga hapa. Nitakibeba mpaka kwenu. Nitamwambia Nathani, haya ndiyo maji niliyokunyima, nimekuletea, na mimi pia sijaoga. Atanitukana kwanza, na nitasimama anitukane mpaka achoke. Halafu twende mtoni alfajiri, kabla ya jua, pale ambapo hakuna wa kutuzuia. Tutajimwagia maji ya kibuyu sisi wawili tukiwa tumesimama ndani ya mto, na mto utayachukua. Maji ya mahali ulipozikwa yatakuwa yanakwenda, kama alivyotaka. Kisha anyoe. Kisha mke wako awashe moto, nami nitapanda juu ya paa na nyasi.

Akikataa, nitakaa kwake mpaka akubali.

Upepo umeanza kulegea lakini leo sitapandisha nyeupe tena, jua limekwenda. Barasa anakuja huku na gunia la chupa mgongoni, amelibeba mwenyewe bila kuambiwa. Naenda kumpokea, kisha nishushe bendera. Lala, Shem. Nyumba yako itawaka moto kabla ya mvua.

Mimi,
Jafeti